Safu ya Lugha: Si msumari, ni skrubu
Kuanzia Mbagala hadi Tandale, mtu akirudi kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, baada ya upasuaji wa kiuno, mtaa husema: "Kapigiliwa misumari mgongoni." Sivyo, na neno hilo linamtia hofu bure anayesubiri zamu yake. Msumari, tuliopewa na Waarabu, hupigwa kwa nyundo na hauna hesi. Madaktari wa mifupa wanao wao, ila huo ni chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa, mara nyingi wa paja. Kwenye pingili za kiuno hufungwa skrubu. Huzungushwa taratibu, moja kulia na moja kushoto mwa pingili, hesi zikiuma mfupa. Kisha vichwa vyake huunganishwa kwa vyuma viwili vilivyolala sambamba na uti wa mgongo, pingili zisichezecheze mpaka mfupa uunge. "Antena" nayo, neno jingine la mtaani, ni vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, mara nyingi mguuni. Usiipeleke mgongoni.

Parafujo? Ni sahihi kabisa, tena neno tamu, tulilolichukua kwa Wareno. Lakini ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Temeke, utaeleweka haraka zaidi ukisema skrubu.