Mathenge Ulifika Kabla Yetu

Mwaka jana vijana wa blok yetu walicheza mpira na vijana wa wenyeji, kwenye kile kiwanja kilicho karibu na laga ya Tarach. Mechi niliiandaa mimi, maana kazi yangu ni ya vijana. Dakika za mwisho mpira ukatoka nje, ukaingia kwenye kichaka cha mathenge. Mtoto wetu mmoja wa miaka 13 akaukimbilia. Mwiba ukapita slipa, ukaingia unyayoni. Tulipokuwa tunamshika ili tuutoe, kijana mmoja wa timu ya pili akasema kwa sauti: "Hata nyinyi wakimbizi ni kama mathenge. Mlikuja kidogo kidogo, sasa mmejaa kila mahali na hamng'oki."

Wengine walicheka, hata wa kwetu. Mimi sikucheka. Nilitaka kumjibu, lakini nikagundua sina jibu. Nimefika Kakuma nikiwa na miaka sita, tukitokea Fizi, Kivu ya Kusini. Mti huo nimeuona kila siku ya maisha yangu hapa. Nimepikia kuni zake, nimezungushia nyumba miiba yake. Lakini umetoka wapi? Nani aliuleta? Sikujua. Nikaona kabla ya kukasirikia neno la mtu, wacha kwanza nijue historia ya huo mti aliotulinganisha nao.

Nilisoma nilichopata, nikauliza wazee. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwao mathenge ni mbali sana. Ni Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora. Huko watu wamekula maganda yake tangu zamani, wakiyasaga kuwa unga, na mti una maadui wake wa kuzaliwa nao: wadudu wanaotoboa mbegu na kuzila kabla hazijaota. Hilo la wadudu tulikumbuke, nitalirudia.

Afrika yetu hii mti haukuja wenyewe. Sudan uliletwa mwaka 1917, wakati wa ukoloni, na mtaalamu wa mimea wa serikali aliyeitwa Massey. Ulipandwa Khartoum, baadaye ukapandwa sehemu nyingine ili uzuie mchanga wa jangwa. Jirani zangu Wasudani wanauita meskiti. Ethiopia ulipandwa bonde la Awash, nchi ya Waafar, enzi za serikali ya Dergi, ndiyo maana Waafar wengine waliuita mti wa Dergi. Wasomali wa upande wa Dadaab wanauita garanwaa, yaani kile kisichojulikana. Hapa Kenya tunasema mathenge, na watu husimulia kwamba ni jina la afisa wa misitu aliyekuwa akiuhimiza. Waturkana wanauita etirae. Ukiyatazama majina haya utaona kitu: mengi hayasemi mti una sura gani. Yanasema nani aliuleta, au kwamba hakuna aliyeelezwa ni nini.

Kenya, habari zake za kwanza zilizoandikwa ni za mwaka 1973, karibu na Mombasa, pale Bamburi. Kulikuwa na mashimo makubwa yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe ya saruji, na watu walitaka miti itakayoota juu ya mwamba mtupu. Mathenge uliota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa nchi kavu: Bura kule Tana, Baringo, na huku Turkana. Baringo ulikuwa mradi wa serikali ya Kenya pamoja na FAO, kwa pesa za Australia.

Tusiwahukumu haraka watu wa wakati ule. Ukame ulikuwa mkali, mifugo ilikufa, na Turkana ililia njaa. Dunia nzima ilikuwa inaogopa kwamba kuni zitaisha Afrika. Walitafuta mti unaovumilia jua, usioliwa na mbuzi ukiwa mchanga, unaotoa kuni haraka, kivuli, na maganda ya kulisha mifugo. Mathenge ulijibu maswali yote hayo. Ila kuna swali moja ambalo halikupewa uzito: mti usioliwa na mbuzi, lakini maganda yake yanapendwa na mbuzi, utafika wapi?

Hapo ndipo lazima nimzungumzie ewoi.

Ewoi ndio ule mgunga mkubwa wenye kichwa bapa kama mwavuli, ulio kando ya laga zetu. Kwa Mturkana, ewoi ni ghala. Nyasi zikiisha, mbuzi anakula maganda yake yaliyoanguka. Na mbuzi anamlipa. Mbegu ya ewoi ina ganda gumu, na nyingi zinatobolewa na wadudu. Mbuzi anameza ganda zima, baadhi ya mbegu zinapita tumboni salama, zinatoka ndani ya kinyesi. Usiku mbuzi wanalala zizini. Familia ikihama, zizi linabaki na samadi nene iliyojaa mbegu, na samadi hiyo inashika maji ya mvua kuliko mchanga wa nje. Watafiti waliofanya kazi Turkana ya kusini waliandika mwaka 1995 kwamba miche ya ewoi ilikuwa inaota ndani ya mazizi yaliyoachwa kuliko nje yake. Yaani wafugaji wanaosemwa kila siku kuwa wanaharibu miti, kumbe wao na mbuzi wao ndio walikuwa wanaipanda.

Huo ni urafiki wa miaka mingi sana: mti, mbuzi, na watu wanaohama. Kila mmoja anampa mwenzake kitu.

Sasa mathenge ulipofika ulikuta barabara imeshachongwa. Maganda yake ni matamu, yana sukari. Mbuzi, ng'ombe, ngamia, wote wanayala. Mbegu inapita tumboni vilevile, inatoka na samadi vilevile, inaota zizini vilevile. Lakini mche wa ewoi ukichipua, mbuzi anarudi kuutafuna, mingi inakufa. Mche wa mathenge ukichipua, mbuzi anaunusa anapita. Wadudu wanaozila mbegu zake wamebaki Amerika. Afrika Kusini waliliona hilo, mwaka 1987 wakawaleta wadudu hao makusudi ili wapunguze mbegu. Halafu mvua ikinyesha, maji ya laga yanabeba maganda na kuyamwaga chini, kwenye ardhi bora ileile ya ewoi. Mizizi inashuka ndani kutafuta maji. Chini ya kichaka chake nyasi hazipati jua, na majani yanayoanguka yana vitu vinavyozuia mbegu nyingine zisiote. Ukikata shina na kuliacha, linachipua upya vijiti kumi badala ya kimoja.

Kwa hiyo siyo kwamba mti una roho mbaya. Uliingia mahali ambapo msafirishaji yupo na adui hayupo. Basi.

Na yule mbuzi aliyeubeba, ulimlipa vibaya. Sukari ya maganda inashika kwenye meno, na mifugo inayokula hayo tu kwa muda mrefu inaoza meno, taya zinaharibika, mwisho haiwezi kutafuna. Mwaka 2006 wakaazi wa Ng'ambo, Baringo, ndugu wa jamii ya Ilchamus, waliishtaki serikali kwa kuwaletea mti huo. Walienda mpaka mahakamani Nairobi, na wakampeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu wengi walicheka walipoona picha. Mimi naona ni kati ya mashahidi wa kweli zaidi waliowahi kufika mbele ya jaji. Mwaka 2008 serikali ilitangaza rasmi kwamba mathenge ni gugu hatari.

Tazama hiyo miaka vizuri. Mathenge Turkana ni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika wale vijana waliokimbia vita vya Sudan. Yaani mti ulikuwa hapa karibu miaka kumi kabla ya hema la kwanza. Hatukuuleta sisi. Tulichokimbia sisi ni risasi, hatukuwa na mbegu mfukoni.

Nilipolipata hilo nilifurahi. Nikasema sasa nina jibu la yule kijana. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kiturkana ambaye mbuzi wake wanapita karibu na blok yetu, nikamwambia: "Mzee, kumbe mathenge ulifika kabla yetu." Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Ni kweli. Lakini uliza pia ewoi wangapi walikuwa kwenye laga hii kabla yenu."

Nilinyamaza. Akanieleza habari ya ekwar. Mimi nilidhani miti ya laga ni ya Mungu tu, haina mwenyewe. Kumbe kila kipande cha miti kando ya mto kina familia yake, wanarithishana, na mgeni akitaka maganda au kivuli lazima aombe. Tulipofika maelfu kwa maelfu, kila nyumba ilihitaji moto wa kuchemshia rasheni. Kuni zilizogawiwa hazikutosha. Watu waliingia porini, wengine walinunua kwa akina mama wa kienyeji, na miti ikapungua. Akina mama zetu na wasichana wetu walipigwa huko porini, na wengine walifanyiwa mabaya zaidi. Hayo tunayasimulia sana. Lakini hatusimulii kwamba kuna familia ambayo ghala lake liligeuka makaa. Na ardhi iliyokatwa miti na kukanyagwa ndiyo hasa mathenge unaipenda. Hatukuuleta, sawa, lakini tuliufungulia mlango.

Nikamuuliza kama anaona yule kijana alisema kweli, kwamba sisi ni kama mathenge. Mzee akatikisa kichwa. "Mti hauna masikio," akasema. "Mtu nitakaa naye chini, nitamwambia usikate huu, kata ule. Ule mti walipouleta hawakutuuliza. Hata nyinyi mlipoletwa mimi sikuulizwa. Lakini wewe leo umekuja kuniuliza."

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu. Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnaosoma gazeti hili, nawaombeni muikae nayo pia. Mradi wa miti wa miaka ya 1980 ulikuwa na wataalamu, magari na nia njema. Kilichokosekana ni kukaa chini na mtu mwenye mbuzi. Yeye angeweza kuwaambia mbuzi hula nini, hulala wapi, na mbegu hutokea wapi. Kila mara tunapogawa miche hapa kambini, tuulize: mbuzi atafanya nini na mti huu? Ardhi hii ni ekwar ya nani? Mradi ukiisha, nani atabaki na jembe?

Kwa sisi vijana, kuna mambo tunayoweza kufanya bila kungoja mradi. Kuni na makaa, tutumie mathenge tuwaache ewoi. Maganda tuyaokote kabla mbuzi hajayapata, tuyasage. Yakisagwa vizuri mbegu inavunjika haioti tena, na unga wake ukichanganywa na chakula kingine ni lishe ya mifugo. Tukitaka kuung'oa, tuchimbe tukate chini ya ardhi, pale machipukizi yanapoanzia. Kukata juu ni kuupogolea tu. Na tuanze karibu na nyumba. Mwaka 2017 watafiti walioko Mali waliripoti kwamba walikata matawi yenye maua ya mti huu vijijini, na mbu wakapungua sana, hasa wale majike wakubwa wanaoeneza malaria, kwa sababu maua hayo ndiyo yalikuwa yanawapa sukari. Sisi tunaoijua malaria ya Kakuma, tusidharau hilo.

Yule mtoto aliyechomwa mguu ulivimba wiki tatu, sasa anacheza tena. Mwezi uliofuata niliitisha vijana wetu na wale wa wenyeji, tukaenda kung'oa mathenge pembeni ya kiwanja. Tulikuwa na majembe manne na panga tatu kwa watu zaidi ya ishirini, kwa hiyo tulipokezana. Yule kijana wa lile neno alikuja. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Nilimsimulia habari ya mbuzi wa Ng'ambo aliyefika mahakamani, akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee alikuja jioni kutazama. Alitupeleka kwenye zizi la zamani, hatua chache kutoka golini, akatuonyesha miche mitatu ya ewoi, haijafika hata goti. Wote tulikuwa tumeipita asubuhi bila kuiona. Tukachukua matawi yale yale ya mathenge tuliyokuwa tumeyakata, tukayazungusha kuwa boma, miiba ikitazama nje ili mbuzi asifike. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi mtu mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao wanapita kuangalia. Mmoja umekauka. Miwili bado ipo.