Misheni 300: Umeme Kufika Kijijini na Umeme Kuingia Nyumbani

Takribani watu milioni 600 barani Afrika wanaishi bila umeme. Kati ya kila watu kumi duniani wasio na huduma hiyo, zaidi ya wanane wako Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Ili kupunguza pengo hilo, Aprili 2024 Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) zilitangaza mpango wa Misheni 300, unaolenga kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Benki ya Dunia imejipangia kuwafikia watu milioni 250 na AfDB milioni 50.

Mpango huo ulipata msukumo mkubwa Januari 27 na 28, 2025, katika Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Afrika kuhusu Nishati uliofanyika Dar es Salaam, mwenyeji akiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Samia Suluhu Hassan. Mkutano ulipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Nishati, na nchi 12, ikiwemo Tanzania, ziliwasilisha Mipango Mahsusi ya Nishati. Nyingine ni Chad, Cote d'Ivoire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Liberia, Madagaska, Malawi, Mauritania, Niger, Nigeria, Senegal na Zambia.

Mpango Mahsusi ni ahadi ya nchi yenye malengo na muda wa utekelezaji. Hueleza namna nchi itakavyozalisha umeme kwa gharama nafuu, kuuziana umeme na majirani, kutumia nishati jua pale gridi isipofika, kuvutia mitaji ya sekta binafsi na kuyaimarisha mashirika ya umeme kifedha.

Takwimu mbili zisizopingana

Kwa mujibu wa Serikali, umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Hata hivyo, Mpango Mahsusi wa Tanzania unalenga kuongeza kiwango cha upatikanaji wa umeme kutoka asilimia 46 hadi asilimia 75 ifikapo 2030, kwa kuunganisha wateja wapya milioni 8.3.

Takwimu hizo hazipingani, kwa kuwa zinapima mambo mawili tofauti. Kijiji huhesabiwa kuwa na umeme pindi miundombinu inapofika, hata kama baadhi ya vitongoji vyake viko mbali na transfoma. Kaya huhesabiwa pale inapowasha taa. Kati ya hatua hizo mbili kuna nguzo za ziada, nyaya, mita na fedha za mwananchi mwenyewe.

Ndiyo maana kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, imehamia kwenye vitongoji. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini imewekwa kuwa Sh. 27,000, lakini kutandaza nyaya ndani ya nyumba hubaki kuwa jukumu la mwenye nyumba, na kwa kaya nyingi hicho ndicho kikwazo. Kifaa cha Umeme Tayari (UMETA), chenye soketi na swichi zake, kimeletwa ili nyumba ndogo ipate umeme bila kusubiri kazi hiyo.

Kuzalisha, kusafirisha na kuuziana

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, sawa na megawati 2,115 kwa jumla. Uwezo huo humnufaisha mwananchi pale tu njia za kusafirisha na kusambaza umeme zinapokuwa imara.

Ushirikiano wa kikanda nao una nafasi yake. Mradi wa Rusumo katika Mto Kagera, wenye megawati 80, unahudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia ya kilovoti 400 inayounganisha Tanzania na Kenya inaziwezesha nchi hizo kusaidiana pale moja inapopungukiwa.

Umeme wa kuzalisha mali

Kaya inayowasha taa chache hutumia uniti chache, na mapato yake kwa shirika la umeme ni madogo. Nchini Tanzania, mteja wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa katika kundi la bei nafuu, ili kumlinda mwenye kipato cha chini. Lakini laini inayohudumia wateja wa aina hiyo pekee ni vigumu kujilipia gharama za matengenezo.

Mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea vyuma, pampu ya maji na jokofu la chanjo katika zahanati hubadili hali hiyo. Mtumiaji hupata kipato au huduma, na shirika hupata mapato ya kutunza miundombinu. Kwa sababu hiyo, upanuzi wa umeme huleta tija zaidi unapokwenda pamoja na mikopo kwa wajasiriamali na huduma za jamii.

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya miradi ya umeme atanufaika kwa kuangalia mambo manne: kama mradi umetaja kitongoji chake au kijiji pekee, idadi ya wateja watakaounganishwa, gharama atakayolipa mwenyewe, na tarehe ya kukamilika. Kwa vipimo hivyo, mafanikio ya Misheni 300 yataonekana katika mita zitakazokuwa zikisoma matumizi kila siku ifikapo 2030.