Mimba, Sheria na Huruma: Nusu Tuliyoisahau

Mwaka 1969 Bunge la Kenya lilifuta sheria moja ndogo ambayo leo ni wachache wanaoikumbuka. Sheria hiyo, iliyotungwa mwaka 1959 wakati wa ukoloni, ilimwezesha mwanamke aliyezaa nje ya ndoa kumfikisha mahakamani mwanamume aliyempa mimba, ili achangie matunzo ya mtoto. Waliotaka ifutwe walidai kwamba inachochea uasherati, kwamba wanawake wanaigeuza kuwa kitega uchumi, na kwamba ni mtindo wa kigeni usiopatana na mila zetu. Wakati huo hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi kuketi katika Bunge hilo. Grace Onyango, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa imekwisha kuzikwa.

Lakini vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyomfunga mwanamke anayetoa mimba, ambavyo navyo viliachwa na Mwingereza yuleyule, havikuguswa. Kilichoonekana cha kigeni ni kile tu kilichomdai mwanamume.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu mjadala wetu kuhusu utoaji mimba, Kenya na hapa Tanzania, umezoea kuzunguka swali moja: adhabu ibaki au iondolewe? Upande mmoja husema sheria iliyopo ni ya Mungu. Upande mwingine husema ni ya mkoloni. Historia inaonyesha kwamba pande zote mbili zimeshika nusu ya jambo. Imani ya Kikristo ilipoingia katika suala hili karne nyingi zilizopita, iliingia na katazo pamoja na wajibu wa kutunza. Sisi tulipokea katazo likiwa limevaa sare ya magereza, na wajibu wa kutunza tukauacha njiani.

Mikono miwili ya Kanisa la kale

Asiyekubaliana na msimamo wa makanisa asijidanganye kwamba msimamo huo ulizuliwa jana. Didake, andiko la Kikristo la mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, linakataza waziwazi kuharibu mimba na kumuua mtoto mchanga. Katazo hilo lilitolewa katika dola ambayo baba wa familia alikuwa na mamlaka ya kuamua kama mtoto aliyezaliwa apokelewe nyumbani au atupwe nje. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa pia pingamizi dhidi ya mamlaka ya mwanamume juu ya uhai wa wanyonge.

Tuangalie sasa waliolitamka katazo hilo walifanya nini na wanawake waliolivunja. Mwaka 314 maaskofu walikutana Ankira, mji unaoitwa leo Ankara. Walikuta kanuni ya zamani iliyomtenga mwanamke wa namna hiyo na ushirika mpaka saa ya kufa. Waliilegeza, wakasema kwamba wanataka kutenda kwa upole zaidi, wakaweka miaka 10 ya toba. Miaka 10 si michache, wala sipendekezi tuirudie. Ninachotaka msomaji akione ni mwelekeo: Kanisa lilikuwa linatafuta njia ya kumrudisha mtu.

Basili, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, alikwenda mbali zaidi katika karne hiyohiyo. Alikuwa mkali kuhusu kosa lenyewe, kiasi cha kukataa hata kubagua umri wa mimba. Hata hivyo, aliandika kwamba toba ya wanawake hao isipimwe kwa urefu wa muda bali kwa namna wanavyotubu. Katika kanuni nyingine anakumbusha kwamba mababa walikataza kumfichua hadharani mwanamke aliyeungama uzinzi, asije akauawa kwa sababu ya maungamo yake. Na Basili huyohuyo ndiye aliyejenga nje ya mji wake makao makubwa ya maskini, wagonjwa na wageni, makao yaliyokuja kuitwa kwa jina lake.

Tukija barani kwetu, Agostino wa Hippo, katika Algeria ya leo, anataja katika barua kwa askofu mwenzake kwamba watoto waliotupwa na wazazi wao waliokotwa na mabikira waliowekwa wakfu, wakapelekwa kubatizwa. Mkono mmoja ulikataza, mkono wa pili uliokota. Mamlaka ya kimaadili ya mkono wa kwanza ilitokana na kazi ya mkono wa pili.

Safari ya vifungu vitatu

Sheria tunayoibishania leo haikutoka Ankira wala Kaisaria. Ilitoka Westminster. Mwaka 1803 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyofanya utoaji wa mimba iliyokwisha kuanza kucheza tumboni kuwa kosa la kunyongwa. Mwaka 1861 ikaja sheria ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu, iliyoweka adhabu hadi kifungo cha maisha, kwa mwanamke mwenyewe na kwa aliyemsaidia.

Kutoka hapo wazo hilo lilisafiri kwa njia ambayo wengi hawaijui. Samuel Griffith, mwanasheria wa koloni la Queensland huko Australia, aliandika kanuni ya jinai iliyopitishwa mwaka 1899. Kanuni hiyo ilifanywa kielelezo cha ile ya Nigeria ya mwaka 1916, na ya Nigeria ikawa kielelezo cha kanuni za adhabu zilizoletwa Kenya na Tanganyika mwaka 1930. Ndiyo maana mwanafunzi wa sheria akifungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 150 hadi 152, atakuta miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Akifungua vifungu vya 158 hadi 160 vya Kenya, atakuta miaka ileile. Na ndiyo ile iliyokuwa Queensland.

Nafuu iliyokuwapo ilikuwa nyembamba. Kifungu cha 230 cha kanuni yetu kinamlinda tabibu anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1938, jijini London, daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, akaachiwa huru. Msimamo wa kesi hiyo ulifika hata katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959. Uingereza yenyewe ilibadili sheria mwaka 1967, na Queensland ikafuta vifungu vya Griffith mwaka 2018.

Sisemi kwamba kwa kuwa wenye nguo wamezivua, nasi tuzivue. Taifa lina haki ya kubaki na sheria kwa sababu zake lenyewe. Ninachosema ni kwamba haifai kuapa kwa kifungu cha 151 kana kwamba kilishuka kutoka Sinai, ilhali kilishuka melini.

Nusu iliyovunjwa

Serikali hizohizo za kikoloni ziliacha pia kitu cha upande wa pili. Sheria ya Kenya iliyofutwa mwaka 1969 nimekwisha kuitaja. Baada ya hapo ilipita miongo mitatu kabla ya Bunge kutunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na hata hiyo ilimtwisha mama ambaye hakuolewa jukumu la kwanza la mtoto. Ni Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, iliyotamka kwamba baba na mama wanawajibika sawasawa, wawe wameoana au la.

Sisi hatukuifuta yetu. Tuliiacha ife kwa njaa. Sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, Sura ya 278, iliweka kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi. Huenda wakati wa kutungwa kwake kiasi hicho kilikuwa na maana. Shilingi ikaporomoka, miaka ikapita, mabunge yakaja na kuondoka, nacho kikabaki kilekile mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoiondoa. Kufikia hapo fedha aliyoweza kudai binti aliyekataliwa mimba haikumtosha nauli ya daladala ya kwenda kliniki. Miaka 7 ya kifungu cha 151 haikuporomoka pamoja na shilingi.

Sheria ya mwaka 2009 ni njema. Inamwezesha mama kudai matunzo yanayolingana na hali halisi, na inaruhusu vipimo vya vinasaba pale mwanamume anapokana. Lakini waulize maofisa ustawi wa jamii wa wilayani ni wasichana wangapi wanaujua mlango huo, na ni wangapi wenye nauli ya kuufikia.

Sauti kubwa na sauti ndogo

Mwaka 2010 Wakenya walipopelekewa rasimu ya Katiba, maaskofu Katoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa walihimiza waumini waikatae. Moja ya sababu zao kuu ilikuwa Ibara ya 26. Ibara hiyo inasema uhai huanza mimba inapotungwa, lakini inaruhusu mimba kutolewa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Tarehe 4 Agosti wananchi walipiga kura, na takriban asilimia 67 wakasema ndiyo. Miaka mitatu baadaye Wizara ya Afya iliondoa miongozo iliyowaelekeza watumishi wake, na Juni 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba hatua hiyo haikuwa halali. Kesi hiyo ilimhusu binti aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, na hatimaye akafariki.

Makanisa yalikuwa na haki kamili ya kusema. Nguvu iliyotumika mwaka 2010, mimbari kwa mimbari, ilionyesha wanavyoweza kuhamasisha taifa wakiamua. Swali la mwanahistoria ni kwa nini nguvu ya kiasi hicho haijawahi kuonekana kwa ajili ya matunzo ya mama aliyeachwa.

Hapa kwetu swali linauma zaidi. Katika sharika nyingi binti anayepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, kisha husimama mbele ya watu ili arudi kundini. Mwanamume, kama hakujitaja, hukaa kwenye benchi akiimba. Basili angeshangaa. Shuleni nako, Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Msimamo huo ulidumu mpaka Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba mabinti hao wanaweza kurejea. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini kifungo chake hakinunui maziwa. Kwa mara nyingine tulijua kuadhibu, safari hii pande zote mbili, bila kujua kutunza.

Matokeo yanahesabika. Utafiti wa kitaifa ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, karibu zote kinyume cha sheria, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Miaka 7 haikuwazuia. Iliwasukuma gizani, na baadhi yao iliwachelewesha kufika hospitali kwa kuogopa polisi, ingawa kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika ni huduma halali inayotambuliwa na Wizara ya Afya. Watumishi wa umma mnaosoma makala haya mlisisitize hili vituoni mwenu.

Nyumba ya Elisabeti

Injili ya Luka ina kisa kinachosomwa kila Majilio. Binti mwenye mimba ambayo jamii isingeielewa anafunga safari kwenda milimani kwa jamaa yake mwenye umri mkubwa. Anapokelewa kwa furaha, anakaa kama miezi mitatu. Hakuulizwa maswali mlangoni. Mathayo naye anatuonyesha Yusufu, aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kumwaibisha, akiazimia kutomwaibisha hata kabla hajaelezwa lolote na malaika.

Hata Roma, ambayo haijalegeza fundisho lake, imerudia kutafuta mkono wa pili. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia moja kwa moja wanawake waliotoa mimba akiwataka wasikate tamaa, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote mamlaka ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hiyo. Walioandika hivyo si watu waliokuwa wakitetea utoaji mimba.

Anayeamini kwamba uhai huanza mimba inapotungwa amejitwisha deni kubwa kuliko anayekana, kwa sababu miezi tisa na miaka inayofuata ni yake pia kuigharamia. Deni hilo lina mafungu yanayojulikana: kitanda cha binti aliyefukuzwa nyumbani, nauli ya kliniki, wakili wa kufungua shauri la matunzo, nafasi ya kurudi darasani, na mzee wa kanisa mwenye ujasiri wa kumfuata mwanamume aliyekana. Dayosisi zetu zina shule, hospitali na viwanja. Safari ijayo zitakapotoa tamko la kutetea vifungu vya 150 hadi 152, waumini wana haki ya kuomba waonyeshwe, katika bajeti ya mwaka huohuo, fungu la nyumba ya Elisabeti.