Mgeni Njoo, Jicho Lipone

Tone moja la dawa ya macho lina takriban mikrolita 30 hadi 50. Nafasi iliyopo kati ya kope na jicho haibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi. Kinachozidi humwagikia shavuni. Kinachobaki huoshwa na machozi na kushuka kwenye kijimfereji kinachoelekea puani. Ndiyo maana mtu akitia dawa jichoni huhisi uchungu kooni. Dawa inayoingia ndani kabisa kwa kawaida haifiki hata asilimia 5.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jicho ni mwenyeji wa aina yake: humfukuza mgeni aliyekuja kuliponya, kwa kuwa halimtofautishi na vumbi. Ukiisoma kwa makini, historia ya dawa za macho ni historia ya kuutafuta mlango wa nyumba hiyo.

Sehemu kubwa ya historia hiyo inaanzia Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Waefik walikuwa na mbegu yenye sumu, esere, aliyopewa mtu aliyetuhumiwa uchawi. Akifa, ana hatia. Akiitapika na kupona, yuko huru. Wamisionari waliipeleka Scotland, na mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson wa Edinburgh akaonyesha kwamba dondoo ya mbegu hiyo ikitiwa jichoni huifanya mboni isinyae. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, tabibu wa macho huko Strasbourg, akatumia kemikali yake, fisostigmini, kutibu glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Laqueur mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Mwaka uliofuata ikaja pilokapini.

Dawa zikawa zimepatikana, lakini mlango bado. Pilokapini ilitakiwa kutiwa hadi mara nne kwa siku, maisha yote, huku ikififisha kuona. Glakoma nayo huanza bila maumivu, na neva ya jicho ikishakufa haioti tena. Mtu anayechoka kutia matone hajui anapoteza nini mpaka awe amekwisha kukipoteza.

Mwaka 1974 Marekani iliidhinisha Ocusert, kijisahani chembamba kilichowekwa chini ya kope na kutoa pilokapini kwa siku 7. Kwa baadhi ya wagonjwa kilidondoka bila wao kujua.

Wakati huo, mjini Zurich, Peter Speiser na wanafunzi wake walikuwa wakitengeneza chembe zinazopimwa kwa nanomita ili zibebe chanjo na dawa mwilini. Unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Wazo hilo likafika kwenye jicho: mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Israeli waliijaribu Piloplex, pilokapini iliyobebwa na chembe za polima, iliyotiwa mara mbili tu kwa siku. Haikufika madukani.

Kwa miaka mingi watafiti wengi waliamini kuwa dawa ing'ang'anie, hivyo wakatengeneza chembe zinazonata kwenye ute wa jicho. Lakini ute wenyewe haukai. Jicho huutoa na kuufanya upya, na kilichonata huondoka nao. Mwaka 2007 kundi la Justin Hanes, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lilionyesha kinyume chake: chembe zikivikwa vizuri polima iitwayo PEG, ute hauzikamati, zinateleza na kupenya. Mgeni alihitaji kuacha kung'ang'ania mlangoni.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Inveltys, dawa ya uvimbe na maumivu baada ya upasuaji wa jicho, iliyojengwa juu ya wazo hilo. Hutiwa mara mbili kwa siku. Mwaka huohuo ikaidhinishwa Cequa, dawa ya macho makavu, ambamo siklosporini, isiyopenda maji, imefungwa ndani ya vifuko vya ukubwa wa nano.

Kutoka mara nne hadi mara mbili: baada ya miaka zaidi ya 150 tangu mbegu ya esere ifike Edinburgh, pengine utaona ni hatua ndogo. Muulize mzee mwenye mikono inayotetemeka, anayeishi peke yake, ambaye kila tone humtaka ainue kichwa, avute kope na kulenga. Yeye anajua uzito wa matone mawili yaliyopungua.