Silaha, Kodi na Sharti Lililoachwa Nje

Mkataba wa Biashara ya Silaha ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya tatu, za Iran, Korea Kaskazini na Syria. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizowasilisha azimio la mwaka 2006 lililofungua njia yake. Nchini Marekani, hata hivyo, chama cha wenye bunduki, NRA, pamoja na wanasiasa wengi wa Republican waliupinga kabla haujakamilika, wakidai kuwa unatishia haki ya raia kumiliki silaha. Uvumi ukaongeza chumvi: bunduki zitakusanywa.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mkataba unahusu aina nane za silaha, kuanzia vifaru hadi silaha ndogo, na unazihimiza nchi ziweke kumbukumbu za silaha zinazoingia. Anayeogopa serikali kuwa na daftari la wenye bunduki ana pa kushika hapo. Lakini dibaji yake inathibitisha haki ya kila taifa kudhibiti silaha zilizo ndani ya mipaka yake tu. Kinachosimamiwa ni biashara baina ya nchi na nchi. Isitoshe, mkataba hauifungi Marekani bila ridhaa ya theluthi mbili ya Seneti, na tangu kesi ya Reid dhidi ya Covert ya mwaka 1957 inajulikana kuwa mkataba hauwezi kuipiku Katiba. Waziri wa Mambo ya Nje John Kerry aliutia saini Septemba 2013, Seneti haikuuridhia, na mwaka 2019 Donald Trump akatangaza kuiondoa saini hiyo. Hakuna bunduki ya raia iliyookolewa kwa tangazo hilo.

Madai ya namna hii huwa na kiini cha kweli. Kinachopotea ni sharti linaloonyesha kifungu kinaishia wapi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kodi zilizofungamana na sheria ya bima ya afya aliyoisaini Barack Obama mwaka 2010. Ilienezwa kwamba kuanzia 2013 kila atakayeuza nyumba atakatwa asilimia 3.8 ya bei. Kiwango ni sahihi, na mwaka ni sahihi. Ila kodi yenyewe ni ya mapato ya uwekezaji, na inawahusu wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au 250,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja.

Tuseme wanandoa walinunua nyumba wanayoishi kwa dola 300,000, wakaiuza kwa 700,000. Kwa mujibu wa uvumi, wangedaiwa 26,600. Kisheria, faida yao ni 400,000, na wanandoa husamehewa hadi 500,000 za faida ya makazi yao makuu. Hawadaiwi hata senti. Faida ingefika 600,000, zingehesabiwa 100,000 tu, na kodi hiyo isingezidi 3,800 hata kama wana kipato kikubwa.

Serikali nayo haikuwa na mikono safi. Mwaka 2009 Obama alikana katika mahojiano ya televisheni kwamba faini ya kutokuwa na bima chini ya sheria hiyo ni kodi. Mawakili wa serikali yake walipofika Mahakama ya Juu walitumia hoja hiyo hiyo aliyoikana, kwamba ni kodi, kuitetea, na Juni 2012 Jaji Mkuu John Roberts na wenzake wanne wakaikubali. Waliosema faini ni kodi walikuwa na hoja, na baadhi yao ndio hao hao walioeneza uongo wa nyumba. Faini hiyo ilishushwa hadi sifuri kuanzia 2019.

Asilimia 3.8 imebaki. Lawama nzito zaidi dhidi yake haikusikika sana katika kelele zile: viwango vya 200,000 na 250,000 havikufungamanishwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo kadiri mishahara inavyopanda kodi hiyo inawafikia watu ambao mwaka 2013 haikuwagusa.