Sikukuu za Wachina na Kalenda ya Serikali

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwasimulia habari za nchi iliyojaribu kuihamisha siku ya mwaka mpya kwa amri, na jinsi raia walivyoipokea amri hiyo.

Tangu kale Wachina walihesabu miezi yao kwa kufuata mwezi wa mbinguni, kila mmoja siku 29 au 30. Hesabu hiyo si sawa na ya Waislamu wa pwani yetu, ambayo Ramadhani yake huzunguka majira yote. Wachina huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, na kwa hiyo mwaka wao mpya hauendi mbali. Huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mkulima aliijua siku hiyo, na mwenye duka aliijua zaidi, maana ada ilikuwa kulipana madeni kabla ya mwaka kuisha. Mdeni aliyefaulu kujificha mpaka kupambazuke alipata kupumua, kwa kuwa haikuwa adabu kumdai mtu siku ya mwaka mpya.

Tarehe 1 Januari 1912 Sun Yat-sen alishika urais wa muda wa Jamhuri, na mara akatangaza kalenda ya jua. Jamhuri ilitaka kuhesabu siku pamoja na mataifa mengine. Tena ilitaka kuachana na wafalme, ambao kalenda ilikuwa ikitolewa kwa jina lao. Mwaka wa 1914, katika utawala wa Yuan Shikai, jina la mwaka mpya likapewa 1 Januari, na sikukuu ya zamani ikaitwa Chunjie, yaani Sikukuu ya Machipuko. Basi jina hilo, ambalo wengi hulidhania kuwa la kale mno, lilitoka katika ofisi ya serikali.

Serikali ya Kuomintang iliyokaa Nanjing ilikwenda mbele zaidi. Iliagiza shule zisifungwe na watumishi wake wasipumzike wakati wa mwaka mpya wa zamani. Kisha, mwaka wa 1930, ikataka sikukuu nyingine pia zihamie tarehe zile zile za kalenda ya jua. Sikukuu ya Zhongqiu, ambayo watu huketi nje usiku kuutazama mwezi mpevu na kula mikate ya duara, ni ya siku ya 15 ya mwezi wa nane. Kwa amri ile ikawa 15 Agosti! Sisi tufundishao watoto hesabu za kalenda twaweza kucheka, lakini kosa lilikuwa kubwa, maana usiku wa 15 Agosti huenda mwezi usionekane kabisa. Watu waliendelea kuungoja mwezi wao, na kufika mwaka wa 1934 serikali ilikuwa imelegeza kamba.

Serikali ya Kikomunisti, iliyotangazwa 1 Oktoba 1949, haikurudia kosa hilo. Katika orodha yake ya Desemba mwaka ule zilikuwamo siku saba za mapumziko, na tatu kati yake zilikuwa za Chunjie. Lakini mwaka wa 1967, katika Mapinduzi ya Utamaduni, mapumziko hayo yaliondolewa, wala hayakurudishwa nchi nzima mpaka mwaka wa 1980. Mfanya kazi aliyekuwa mbali na kwao hakunyimwa karamu tu. Alinyimwa nafasi ya kwenda kuwaona wazazi wake.

Sikukuu nyingine zilingoja zaidi. Mwaka wa 2005 UNESCO iliitukuza sherehe ya Gangneung ya Korea, ambayo jina lake latokana na asili moja na Duanwu ya Wachina, sikukuu ya mashua za joka na wali uliofungwa katika majani. Wachina wengi waliumia moyo. Tangu mwaka wa 2008 Duanwu, Zhongqiu na Qingming, siku ya kusafisha makaburi, zimekuwa siku za mapumziko, na tangu 1 Januari 2025 jumla yake kwa mwaka ni siku 13.

Hata hivyo manung'uniko hayakwisha. Ili kuyarefusha mapumziko, watu huagizwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili fulani, nao husema kwamba serikali huwakopesha siku zao wenyewe. Twaona wana haki kusema hivyo.

Tena iko Chongyang, siku ya tisa ya mwezi wa tisa, ambayo desturi yake ni kupanda mlimani. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2012 iliifanya kuwa Siku ya Wazee, lakini haikuwapa watu mapumziko. Mtoto atakaye kumpandisha baba yake kilimani hungoja Jumapili.