Tiba ya Usemi

Tiba ya usemi ni ilimu ya kutengeneza matamshi, sauti, lugha na, jambo ambalo wengi hawalidhanii, hata kumeza. Maana ulimi ule ule utamkao ndio upelekao tonge kooni. Kwa watoto hushughulikia kigugumizi, kithembe, kuchelewa kusema, uziwi, kaakaa lililopasuka, na athari za malaria iliyopanda kichwani, maradhi ambayo nyanda za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hazijasalimika nayo. Kwa watu wazima aghalabu sababu ni kiharusi, kiwezacho kumwacha mgonjwa na akili timamu ilhali maneno yamemtoroka. Mtabibu hana budi kupima kwa lugha ya nyumbani: mtoto wa Kumsenga, huko Kibondo, aliyelelewa kwa Kiha, lugha ipambanuayo maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, akisitasita katika Kiswahili cha darasani hana maradhi, na kumwita mgonjwa ni dhuluma. Wataalamu wangali haba katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulianza mwaka 2017, mtoto aliyewekewa kifaa huhitaji bado mafunzo marefu ya kusema.